Saba Iliyofunga Mkanda

Neno lenyewe nililijua tangu shule ya msingi, na kulijua huko ndiko kulikoniponza. Kusitiri: kuficha, kufunika, kuhifadhi. Mwalimu aliliandika ubaoni nasi tukalinakili. Mtihani wa kidato cha nne ulipokuja nilipata alama nzuri ya Kiswahili, alama ambayo kwa miaka mingi nimeitaja hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza. Kwa hiyo Jumatano ile, mama mmoja wa Kiunguja aliponipigia simu kutoka Rashidiya akaniambia, "Basi mwanangu, Ijumaa baada ya sala nitazisitiri zote, roho yangu itulie," mimi nilimshukuru.

"Asante sana, Bi Mkubwa," nilisema. "Hilo ndilo jambo la maana."

"Mashallah. Sikujua kama wewe ni mtu wa kuelewa."

Tukaagana vizuri. Nikalala nikiwa na amani, na Alhamisi nikafanya kazi nikipiga mluzi.

Tulichokuwa tukizungumzia ni tiketi za bustani ya michezo. Zamani, kabla ya maghorofa haya, palikuwa na bustani hapa Dubai yenye gurudumu kubwa la kupanda watu, magari ya kugongana na treni ndogo ya watoto. Ilifungwa kabla mimi sijafika nchi hii. Ilipokuwepo sasa ni maegesho, na nimeshasimama pale mara nyingi kati ya magari nikijaribu kukisia gurudumu lilisimama wapi. Vitu vyake ndivyo ninavyokusanya. Nina kikombe cha plastiki kilichochorwa gurudumu, mnyororo wa funguo ulioota kutu, ramani iliyokunjwa mpaka ikakatika mikunjoni, na fulana ya mtoto wa miaka minne hivi. Nimevipata kwa wauza mitumba, kwa familia zinazofungasha kurudi kwao, na mara moja kwenye rundo la taka nje ya jengo la Satwa. Nimehama vyumba vingi katika mji huu, Satwa, Qusais, Rashidiya na sasa Naif, kitanda cha chini chenye pazia, na kila ninapohama begi la vitu hivyo ndilo ninalobeba kwa mkono wangu mwenyewe.

Kati ya vyote, tiketi ndizo ninazozitafuta zaidi, na ni lazima nieleze zilivyokuwa. Kila tiketi ilikuwa na nusu mbili, katikati mstari wa vitobo. Nusu ya juu ilichorwa gurudumu, na nyuma yake muuzaji aliandika namba yake ya kazi kwa kalamu. Nusu ya chini iliandikwa kwa Kiarabu, Fi amanillah, yaani nenda katika amani ya Mungu. Ulipofika kwenye gurudumu mwangalizi aliichana, akabaki na nusu ya juu, wewe akakurudishia ile ya chini uende nayo nyumbani na kwaheri yake. Nusu za juu zilitupwa kila jioni. Ndiyo maana siku hizi, ukibahatika kupata namba ya muuzaji, itakuwa kwenye tiketi nzima, ambayo kwa sababu fulani haikuchanwa. Sisi tunaokusanya tunapigania tiketi nzima. Iliyochanwa hatuitazami mara mbili.

Wenzangu wanaokusanya hawajui kwa nini mimi nikishika tiketi yoyote huanza kwa kuigeuza nyuma. Wanafikiri naangalia madoa. Mimi natafuta kumi na saba.

Kumi na saba alikuwa dada yangu. Alinizidi miaka mingi, alikuja huku Dubai mimi nikiwa mtoto Nakuru, wakati ambapo mtu akisema Dubai tulidhani ni upande fulani wa Mombasa. Aliuza tiketi kwenye kibanda kilichokuwa karibu na gurudumu. Barua zake zilikuja na tiketi ndani, mbili tatu, nzima, na nyuma yake namba 17 kwa mwandiko wake. Saba yake aliipiga mstari katikati, mtindo alioupata huku kazini. Katika barua moja aliandika kwamba mzee wa Kizanzibari anayeangalia gurudumu humtania kila siku: "Binti, saba yako leo imefunga mkanda?" Nilicheka sana kwa maneno hayo. Kwa mwaka mzima daftari zangu za hesabu zilijaa saba zilizofunga mkanda, mpaka mwalimu akaniita mbele.

Alirudi nyumbani akiwa mgonjwa, na nikiwa kidato cha tatu akafariki. Sanduku la mama lililokuwa na barua zile lilikaa chini ya paa linalovuja msimu mmoja wa mvua. Tulipolifungua, karatasi zilikuwa uji. Picha zake tunazo. Sauti yake nadhani bado naikumbuka. Lakini hakuna mahali popote duniani ninapoweza kushika kitu alichokiandika kwa mkono wake, na nimekitafuta katika mji huu kwa miaka kumi na tatu bila kumwambia mtu.

Hilo la kutomwambia mtu ndilo kosa la kwanza, kabla ya lile la neno.

Nilikuwa nimebandika karatasi kwenye bakala ya Rashidiya, duka dogo nililolizoea nilipokuwa nikiishi kule. Niliandika kwa Kiingereza na kwa Kiarabu cha kuokoteza, na chini, kwa mazoea tu, kwa Kiswahili: natafuta tiketi na vitu vya bustani ya michezo ya zamani. Baada ya siku chache simu ikalia.

"Wewe ndo uliyebandika Kiswahili kwenye bakala ya huku kwetu?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Nimekaa Rashidiya tangu njia haina taa, sijaona Kiswahili kimebandikwa ukutani. Nikasema huyu ama mwendawazimu, ama kapotea."

"Yote mawili, mama."

Akacheka. "Mama zako wengi. Mimi niite Bi Mkubwa. Njoo, nnalo kopo hapa la marehemu."

Nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Ilikuwa nyumba ya zamani ya chini, ua mpana, mlimau mmoja, maboksi kila kona. Mwanawe alikuwa akimhamishia Sharjah, na nyumba ingebomolewa. Alinipa kahawa na tende, akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Nakuru, akasema, "Bara kabisa," kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake pole. Kisha akafungua kopo la biskuti.

Mumewe ndiye alikuwa mwangalizi wa gurudumu. Watoto wa wafanyakazi walipanda bure, lakini ilikuwa lazima wakatiwe tiketi dirishani. Yeye za wanawe hakuzichana. Alizitia mfukoni, akafika nazo nyumbani, akaziweka humu koponi, moja kwa kila safari waliyozunguka. Niliokota ya juu. Niliigeuza.

Kumi na saba. Saba ilikuwa na mkanda.

Nikageuza ya pili. Na ya tatu. Wino wa buluu, mahali pengine umefifia, mahali pengine umekolea kama wa jana. Moyo ulinipiga hadi nikaogopa ataona shati langu likitikisika. Hapo nikafanya jambo nililolizoea kwa miaka mingi ya kununua vitu kwa watu: nikajikausha uso. Kanuni ya kwanza ya mkusanyaji ni kutoonyesha hamu. Ukionyesha hamu, kitu kinapanda bei, au mwenyewe anaanza kujiuliza kama anakosea kukiachia. Niliirudisha tiketi koponi, taratibu, kama mtu anayerudisha embe kwenye fungu.

"Ni nzuri," nilisema. "Hali yake si mbaya."

"Unazitakia nini?"

"Mazoea tu, Bi Mkubwa. Napenda vitu vya zamani."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akaniambia kwamba mwaka uliopita alikuja kijana mwenye adabu, shikamoo kila baada ya neno, akaomba kofia ya kazi ya marehemu aihifadhi kwa heshima. Bi Mkubwa akampa. Baada ya mwezi mjukuu wake akaiona kwenye simu, inauzwa, na mtu asiyemjua ameivaa akicheka.

"Mimi si wa hivyo," nilisema.

"Naye alisema hivyo hivyo." Akafunika kopo. "Wacha nifikiri. Ntakupigia."

Nikatoka nikijipongeza kwa uigizaji wangu. Na Jumatano akapiga, kama nilivyoeleza, nami nikamshukuru.

Ijumaa yenyewe nilikuwa kazini, ghala la vipuri katika eneo huru la biashara la uwanja wa ndege. Tulikuwa na shehena ya kupakia alasiri. Mwenzangu mmoja wa Tanga, ambaye pia ni jirani yangu wa kitanda cha juu Naif, alirudi kutoka msikitini na biriani iliyofungwa kwenye karatasi ya foili. Tukakaa juu ya mbao za mizigo kula. Yeye pekee alijua habari ya kopo, ingawa hakujua ya dada.

"Vipi makaratasi yako, Mkenya? Ajuza kakubali?"

"Kuna dalili nzuri. Amesema leo anazisitiri. Kwa hiyo ziko salama, nina muda wa kumbembeleza."

Aliacha kutafuna. "Kasemaje?"

"Anazisitiri. Leo, baada ya sala."

"Hizo karatasi zina maandishi ya Kiarabu?"

"Chini, ndiyo. Fi amanillah."

"Jina la Mungu hilo, kaka." Akaweka kijiko. "Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamshukuru. Si ni kuzihifadhi?"

"Kuzihifadhi, enhe. Kama tunavyomhifadhi maiti." Aliniona sijaelewa. "Wewe si ulipata alama nzuri, wewe? Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jaani watu wakaikanyaga. Inasitiriwa. Unaichoma, au unaichimbia shimo unaifukia mahali pasafi. Bibi yangu alikuwa na mfuko mzima nyuma ya mlango, kila karatasi yenye neno la Kiarabu inaingia humo, mpaka tangazo la sabuni. Ukijaa, anaita watu wanachimba."

Nilitazama saa ya ukutani. Sala ilikuwa imekwisha muda mrefu kidogo.

"Labda amemaanisha ile nyingine," nilisema.

"Labda," alisema, kwa namna ambayo mtu husema akiwa hataki kukuumiza.

Nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nilikumbuka kwamba simu yake huiacha juu ya friji, na kwamba yeye siku nzima hushinda uani. Mikono yangu ilikuwa na mafuta ya biriani na skrini ikakataa kunisikia, nikaifuta kwenye suruali, nikapiga mara ya tatu.

Madam msimamizi wetu alikuwa kwenye meza yake ya kioo akihesabu maboksi kwenye kompyuta. Nilimwomba ruhusa ya saa moja. Aliniuliza kama kuna mtu amekufa.

"Kuna mtu anazikwa, madam," nilisema.

Alinikazia macho. Nilikuwa nimeshapewa barua ya onyo mwaka ule, kwa sababu ya tabia yangu ya kuzunguka kutafuta vitu saa za kazi. "Lori linafika saa kumi," alisema. "Usipokuwepo, usinieleze kitu."

Mtu wa Tanga alikuwa ameshachomoa glavu zangu mfukoni mwangu akazivaa yeye. "Yalla, nenda. Na ukifika usijikaushe tena. Wazee wale wanamjua mnafiki kwa harufu."

Nilipata teksi. Kutoka pale hadi Rashidiya si mbali kwa ramani. Uwanja wa ndege tu ndio uko katikati, na njia ya mkato ni handaki linalopita chini yake. Tuliingia handakini na magari yakasimama. Mbele taa nyekundu mpaka handaki linapopinda. Juu yetu ndege ilikuwa ikitua au ikiondoka, ukuta ukatetemeka. Nilipiga simu tena na mtandao haukuwepo.

"Ajali?" nilimuuliza dereva.

"Ijumaa," alisema, kana kwamba hilo ni jibu, na ni jibu.

Nilifungua mlango nusu nikaufunga. Katika handaki lile haiwezekani kutembea. Nilikaa nimeshika mpini wa mlango, nikifanya hesabu za kijinga: mama wa umri ule atachimba kwa kasi gani? Atachoma au atafukia? Akichoma, tiketi moja inachukua muda gani? Karatasi ile ni nene. Nilikumbuka jinsi nilivyoirudisha koponi taratibu, na uso wangu mkavu. Laiti ningetabasamu tu. Laiti mkono wangu ungetetemeka tu akaona. Miaka kumi na tatu nimejifunza kuficha, na siku niliyopaswa kutojua kazi hiyo niliifanya vizuri kuliko siku zote.

Magari yalipoanza kwenda yalikwenda kwa kusitasita. Tulipotoka kwenye mwanga simu ikapata mtandao, nikapiga, haikupokelewa. Njia za ndani za Rashidiya zilikuwa zimezibwa na magari ya watu waliokuja kula kwa wazee wao. Nilimwambia dereva asimame. Nikakimbia. Viatu vya ghalani vina chuma mbele, na jua lilikuwa lile la saa nane ambalo linakupiga kutoka chini na juu. Nilinusa moshi. Nikakimbia zaidi. Ulikuwa moshi wa mtu anayechoma nyama nyumba ya pili.

Lango la Bi Mkubwa lilikuwa wazi.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya ukuta, kando ya mlimau, kanga mbili, jembe dogo la bustani miguuni. Kopo la biskuti lilikuwa wazi pembeni, tupu. Mbele yake shimo, na ndani ya shimo furushi la kitambaa cheupe, na juu ya furushi mchanga wa mkono wa kwanza. Mkono wa pili alikuwa ameshaujaza.

"Bi Mkubwa, naomba usimwage."

Aliniangalia, nimelowa jasho, sare ya kazi, nimeshika nguzo ya lango. Mkono wake ulibaki palepale, mchanga ukichuruzika kidogo kidogo kati ya vidole.

"Ulisema ni jambo la maana," alisema.

"Sikulijua neno."

"Neno gani?"

"Kusitiri. Nilidhani unaziweka kabatini."

Alinitazama, halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka bila sauti. "Watu wa bara nyie. Na mimi nikasema, mtoto huyu si Mwislamu lakini ana heshima ya karatasi." Kicheko kikaisha. "Sasa umekuja na bei?"

"Sina bei."

"Siku ile ulizitazama kama mtu anayetazama chakula cha hoteli asichokipenda. Leo umekuja mbio. Nani kakwambia zina thamani?"

"Aliyeandika nyuma ni dada yangu. Kumi na saba. Alishakufa."

Sikutegemea maneno yatoke hivyo, yakiwa makavu. Yeye hakubadilika uso. "Yule wa kofia," alisema polepole, "naye alikuwa na baba aliyekufa. Wote mna maiti mnapotaka kitu."

Mchanga uliendelea kuchuruzika. Nilijua kwamba nikisema neno la kubembeleza, lolote, atafungua kiganja. Nikachuchumaa ng'ambo ya shimo. Sikuwa na picha ya dada kwenye simu hiyo, sikuwa na barua, sikuwa na kitu chochote cha kuonyesha isipokuwa jambo moja, ambalo halikuwa langu hata kidogo.

"Aliniandikia barua nikiwa mdogo," nilisema. "Alisema kuna mzee wa Kizanzibari kwenye gurudumu anamtania kwa sababu ya saba yake. Kila asubuhi anamwambia, binti, saba yako leo imefunga mkanda?"

Bi Mkubwa alishusha mkono. Hakumwaga mchanga shimoni. Aliumwaga kando, kwenye jani la mlimau lililoanguka, akakaa akilitazama.

"Nani kakwambia hayo?"

"Dada. Kwenye barua."

"Hayo maneno yake," alisema. "Ya marehemu. Hata wanawe, wakikaa kula, akiona mmoja anafanya ubishi, anamwambia, wee, funga mkanda kama saba ya yule Mkenya. Mimi simjui Mkenya gani. Nilikuwa namuuliza, ni msichana huyo? Anacheka." Alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Nilikuwa na wivu naye kidogo, dadako. Mungu amrehemu. Mbona siku ile hukusema?"

"Nimezoea kutosema."

"Mazoea mabaya hayo. Karibu nizike watu wawili kwa pamoja, wako na wangu."

Alinyoosha mkono, akalitoa furushi, akalipangusa, akalifungua juu ya mapaja yake. Zilikuwa pale zote. Nilinyoosha mkono na yeye akazifunika kwa kiganja chake.

"Wacha kwanza. Unalala wapi?"

"Naif."

"Wangapi?"

"Wanane."

"Vitu vyako unaweka wapi?"

Nilijua swali linakoelekea na sikuwa na uongo karibu. "Kwenye begi. Chini ya kitanda."

"Jina la Mungu chini ya kitanda," alisema. "Na viatu, na soksi za watu wanane. Hapana, mwanangu. Dadako ni dadako, nimekubali. Lakini hizi zina jina, na mimi nimeshatia nia. Sitaki kesho niulizwe nilimwachia nani."

Alisema bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu mtu mkali unaweza kubishana naye. Nilizitazama tiketi pale mapajani. Juu, gurudumu, na nyuma yake mkono wa dada. Chini, Fi amanillah. Katikati, mstari wa vitobo, mzima, haujaguswa tangu kiwandani. Kuna watu katika kundi letu ambao wangesafiri kutoka nchi nyingine kuja kuona mstari ule ulivyo mzima.

"Nipe moja," nilisema.

Alisita, akanipa.

Nikaikunja kwenye vitobo, mbele, nyuma, kama alivyonieleza dada katika barua kwamba lazima ukunje kwanza la sivyo inakwenda upande. Nikaichana. Karatasi ya zamani hiyo ilitoa sauti kubwa kuliko nilivyofikiri. Nikamrudishia nusu ya chini kwa mikono miwili, nikabaki na ya juu.

Bi Mkubwa aliangalia kipande kile, akaniangalia mimi. "Mjukuu wangu alisema ikichanwa haina kitu tena. Alisoma kwenye simu."

"Ni kweli."

"Hutaweza kuuza."

"Hapana."

"Hata moja."

"Nipe nyingine, Bi Mkubwa."

Akanipa nyingine. Tulikaa hivyo, yeye akinipa nzima, mimi nikimrudishia nusu, na nusu zile akizipanga kwenye kitambaa cheupe. Sikuwa hodari. Vidole vilikuwa vinatetemeka sasa, sasa ambapo haikuhitajika tena, na moja ilikwenda upande, mchano ukapanda juu ukakata saba katikati kabisa, pale kwenye mkanda. Nikamalizia kuchana kwenye vitobo, nikamrudishia nusu yake, nikabaki na vipande viwili vya saba mkononi.

"Marehemu naye zilikuwa zikimponyoka," Bi Mkubwa alisema. "Endelea. Lori lako saa ngapi?"

Nilishtuka kwamba nilikuwa nimemtajia lori. Labda nilisema peke yangu. Simu yangu ilikuwa inalia mfukoni, na sikuipokea.

Tulipomaliza alifunga kitambaa, akanikabidhi. "Mimi mgongo. Wewe utie." Nikaliweka furushi shimoni kwa mikono miwili kama alivyonielekeza, nikafukia, nikashindilia kwa viganja na si kwa viatu. Yeye alisoma kitu kwa sauti ya chini. Mimi nilisema kile ninachokijua cha kwetu, kimoyomoyo. Dada alipozikwa nilikuwa shule ya bweni, na mwalimu aliniambia baada ya juma zima. Sikuwahi kushika mchanga kwa ajili yake.

Nilirudi ghalani lori likiwa limeshafungwa. Mtu wa Tanga alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, glavu zangu bado mikononi. Madam hakunieleza kitu, nami sikumweleza kitu. Barua ya pili ya onyo ilikuja Jumatatu, nikaitia saini.

"Umezipata?" aliniuliza mtu wa Tanga Ijumaa ile ile, tukisubiri basi.

Nikazitoa kwenye mfuko wa shati. Alizishika moja moja, akazigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo uliochanika.

"Wamezichana hawa," alisema kwa masikitiko. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

Alizipanga moja juu ya nyingine, kama karata. Akanirudishia. Sikuziweka begini. Nina rafu ndogo sasa juu ya kichwa changu, niliigongomea mwenyewe ndani ya pazia, na ile iliyokatika nimeiunganisha kwa gundi. Saba imerudi kusimama, ila mkanda umekaa chini kidogo upande mmoja, kama wa mtu aliyekula akashiba.